Chaki ya Shangazi

Asubuhi hiyo mwanafunzi wa utabibu wa wanyama alipiga pasi koti lake jeupe, akanywa chai ya rangi peke yake, kisha akalifungua komeo la mlango ambao hakuna mgeni aliyewahi kuupigia hodi. Tangu mama yake alipotangulia mbele ya haki, hakuwa ameguswa na mkono wa mtu ila kwa kugongana ngazini.

Adhuhuri, kwenye kliniki alikojifunzia kazi, akaja bwana wa makamo na mbwa jike mkongwe, tumbo limevimba kwa usaha wa kizazi. Mbwa alikuwa wa shangazi ya bwana huyo, fundi cherehani aliyezikwa juma lililopita. Marehemu hakujaaliwa mtoto, na mbwa huyo alimwita Mjukuu.

"Huna bahati, daktari, kwamba shangazi hayupo," akasema bwana yule akimkabidhi mwanafunzi kamba. "Aliyemtendea wema Mjukuu hakuondoka hivi hivi. Lazima amshonee nguo."

"Sijawa daktari bado."

"Basi angekushonea fupi."

Siku hiyo mwanafunzi alipewa kulinda usingizi wa dawa wakati wa upasuaji, mara ya kwanza bila msaidizi. Mlinzi wa usingizi huketi kichwani pa mnyama, nyuma ya kitambaa kilichotandazwa. Haoni kisu wala daktari anayepasua na kushona. Ana pumzi tu. Wahenga walinena kwamba usingizi ni nduguye mauti, na kazi yake ilikuwa kuwazuia ndugu hao wasikutane.

Mashine ina puto la mpira lijaalo na kunywea kwa pumzi ya mnyama, na vali ndogo ya kutolea hewa iliyozidi. Mnyama akipumua hafifu, mlinzi huifunga vali, hulibinya puto, kisha huifungua papo hapo. Akisahau, hewa hukosa pa kutokea, na moyo husongwa hadi ukasimama.

Mjukuu akaanza kupumua hafifu. Mwanafunzi akafunga vali, akabinya, kifua kikapanda. Wakati uo huo daktari akauliza, kutoka ng'ambo ya kitambaa, mapigo yakoje. Akakitazama kioo cha mashine, akajibu, akarekebisha dripu.

Vali akaisahau.

Puto likajaa. Likakaza kama ngoma. Hakuliona.

Mapigo yakaanza kuachana. Akaitafuta sababu kwenye jicho, kwenye ulimi uliokuwa ukigeuka rangi ya majivu. Hakuipata.

Ndipo aliposhikwa mkono.

Mkono uliomshika ulitokea nyuma. Baridi, mkavu, kidole cha kati kigumu nchani kama cha mtu aliyezoea kusukuma sindano. Haukumvuta. Ulimwongoza, kama mama amfundishavyo mtoto kushika kalamu, hata kwenye vali. Wakaizungusha pamoja. Hewa ikatoka kwa mluzi mrefu.

Ulimi ukarudia rangi yake.

Mkono haukuondoka. Nyuma yake palikuwa na ukuta, alijua hivyo. Hakugeuka, wala si kwa hofu peke yake. Alichelea usije ukamwacha.

"Asante," akanong'ona.

"Unasemaje?" daktari akauliza.

"Sijasema kitu."

Mjukuu alipozinduka alipigapiga mkia kwa unyonge, macho yakiwa juu ya bega la mwanafunzi. Kisha macho yale yakateremka polepole, toka utosini mwake hadi miguuni, kama yanayofuata kazi ya mtu. Akalala tena, salama.

Jioni, chumbani, mwanafunzi aligundua kwamba alikuwa hajavua kofia ya upasuaji. Akaivua. Utosini palikuwa na mstari mfupi wa chaki ya buluu, chaki ya mafundi cherehani.

Akalikagua koti. Mabegani, hamna. Kifuani, hamna. Kiunoni, hamna.

Akavua kiatu. Kisiginoni palikuwa na mstari wa pili.

Akaketi kitandani. Nguo ipimwayo urefu tu, pasi na bega wala kiuno, iko moja, na aivaaye hajivishi mwenyewe.

Kofia ile ameifua mara nyingi, mstari haujafutika. Na mlango wa chumba chake, tangu jioni ile, yeye mwenyewe haufungi tena kwa komeo.