Darasa la Tatu, Wote Wapo

Alhamisi saa moja asubuhi, mlinzi wa shule alifungua mfuniko wa tangi la maji lililo chini ya ardhi, nyuma ya kanisa dogo, apime kina kama kawaida yake. Alimkuta mwalimu wa darasa la tatu akielea kifudifudi, tai ingali shingoni.

Inspekta alifika saa mbili. Alikuwa mwanamke wa makamo, na vijana wa kituoni walimwita Bibi Maswali, ila si mbele yake. Kabla ya kuutazama mwili, aliinama akatazama komeo la mfuniko.

"Ulilikuta wazi?" alimuuliza mlinzi.

"Limefungwa, mama. Kwa nje."

"Una hakika?"

"Nimelifungua kwa mkono huu. Na tangu lile la mwaka jana, siliachi wazi hata nikienda chooni."

"Lile lipi?"

Mlinzi alitazama chini. "Muulize Sista Mkuu."

Daktari wa polisi alisema mwalimu alikufa maji jana jioni. Kucha zake zilivunjika, zikajaa kutu ya ngazi ya ndani, iliyokatika. Mtaalamu wa alama za vidole alionyesha alama za viganja viwili kwenye vumbi la mfuniko, kimoja kushoto, kimoja kulia. Katikati zilinasa nyuzi za sufu, rangi ya kijivu.

"Aliyemfungia hakusimama hapa, afande," alisema. "Alikaa."

Inspekta alishusha kiganja juu ya alama moja, bila kuigusa. Mtu alikuwa ameketi kitako hapa huku mwenzake akigonga chini yake.

"Hakuna aliyesikia kelele?"

"Jana tangu saa kumi hadi jioni kwaya ilikuwa mazoezini hapo kanisani," mlinzi alijibu. "Watoto mia moja, mama. Hata radi isingesikika."

Konstebo alikuja mbio kutoka darasani, daftari la mahudhurio mkononi, uso umemparama.

"Afande, marehemu ameita majina leo."

Inspekta alilichukua. Safu ya Alhamisi ilikuwa na alama za vema, wanafunzi wote arobaini, kwa wino mwekundu wa mwalimu. Safu ya Ijumaa nayo ilikuwa imejaa, na Ijumaa yenyewe ilikuwa bado kufika.

"Wafu hawashiki kalamu, kijana. Huyu alijaza wiki nzima Jumatatu."

Konstebo alifuta viganja kwenye suruali. Ukweli ni kwamba Inspekta mwenyewe aliliweka daftari lile chini haraka kuliko alivyotaka.

Sista Mkuu alimpokea ofisini, rozari ikizunguka vidoleni.

"Kwa nini mwalimu ajaze siku tano kwa mkupuo?"

"Waraka wa Wiki huchapwa Jumatano asubuhi, wazazi waupate baada ya Misa ya Ijumaa. Humo tunatangaza darasa lililoshinda Kombe la Mahudhurio. La kwake hushinda kila mara. Mimi nilidhani ni bidii."

"Na hilo la mwaka jana?"

"Mtoto wa darasa lake, miaka minane. Fundi wa pampu aliacha tangi wazi. Mtoto alitoka mapumziko ya asubuhi, siku ya Jumatano. Tulimpata usiku, mle tangini."

"Mchana kutwa hakutafutwa?"

"Majina huitwa tena baada ya mapumziko, na daftari lilisema yupo. Mwalimu alilia, akasema alipitiwa siku ile moja tu. Nikamsamehe. Waraka ulikuwa umeshachapwa, ukagawiwa vilevile: Darasa la Tatu, wote wapo. Mama wa mtoto aliusoma msibani."

Inspekta aliomba nyaraka zote zilizotoka tangu wakati ule. Alizisoma moja moja. Sala za wagonjwa, matokeo ya mpira, siku za kuzaliwa, habari ndogondogo za watu wasiojua yajayo. Kisha akaanza kurudia mstari mmoja.

"Sista, darasa la tatu lina wanafunzi wangapi?"

"Arobaini."

"Waraka unasema waliohudhuria ni arobaini na mmoja. Kila wiki, mwaka mzima."

Rozari ilisimama.

"Nani anauchapa?"

"Sekretari," Sista alisema kwa shida. "Mtoto alikuwa wa dada yake."

Sekretari alikuwa chumba cha pili akikunja karatasi. Alikuwa mwembamba, na asubuhi hiyo ya baridi alivaa blauzi ya mikono mifupi.

"Sweta lako liko wapi, dada?" Inspekta alimuuliza.

"Nimelifua."

"La rangi gani?"

"Unaijua, afande. Ndiyo maana umeuliza." Alisogeza karatasi pembeni, akakaa.

"Kwa nini arobaini na mmoja?"

"Mwalimu alisema yupo. Basi nikamwacha awepo."

"Yeye alijua?"

"Alinisihi niirekebishe hiyo namba. Alisema kila akiita majina anasikia sauti moja imezidi. Nikamwambia, acha kujaza daftari kwa uongo, nami nitarekebisha. Akaapa mbele ya altare. Jumatatu hii nikafungua daftari, nikaikuta Ijumaa imeshajazwa."

"Ukamuua kwa ajili ya alama za vema?"

"Siku ile saa sita mchana dada alinipigia simu kutoka kazini. Moyo ulimwenda mbio, hajui kwa nini. Akaniuliza, mdogo wangu, mtoto yupo? Nikatazama daftari lililokuwa mezani kwangu. Nikamwambia, yupo, dada, fanya kazi yako." Alinyoosha mkunjo wa karatasi moja. "Mtoto alikuwa hai saa ile. Daktari alisema alishikilia bomba mpaka jioni. Dada hajui kwamba sikwenda darasani kutazama. Ni hatua thelathini."

Inspekta aliiweka kalamu chini. Alimwonea huruma, na huruma si kitu cha kuandikwa kwenye maelezo ya mtuhumiwa.

"Jana ulimfikishaje pale?"

"Nilimwambia kiatu cha mtoto kinaelea. Kimoja hakikupatikana siku ile. Akashuka kukitafuta, nami nikafunga. Aligonga, akaomba, akataja watoto wake. Kisha akaanza kuita mahudhurio."

"Ya darasa lake?"

"La mwaka ule. Jina kwa jina, kwa mpangilio, na mimi nimekaa juu nasikiliza. Nilijua jina la mtoto wetu linakuja baada ya lipi." Sasa machozi yalimtoka bila sauti. "Akaliruka, afande. Hata mle ndani, akaliruka. Angemwita, ningeitika mimi badala yake, kisha ningefungua."

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akampa asome, naye akatia sahihi.