Aliyeshika Mfuko Nyuma ya Mlango

Siku hiyo mfuko haukugonga mlango. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza, na mshonaji alilijua papo hapo, kwa sababu alikuwa amefumba macho akisubiri mshindo.

Inabidi kwanza ukielewe kile kifaa, maana usipokielewa utadhani mambo haya ni ya walevi. Mwanamke yule alishona nguo za watu miaka ishirini na sita, kichwa kimeinamia cherehani kama anatafuta kitu kisimani, na shingo ikamtoza gharama. Kila alasiri kichwa kilimpasuka, kuanzia kisogoni mpaka nyuma ya jicho la kushoto. Vidonge alivimeza mpaka tumbo likakataa. Hospitali wakamwonyesha mashine ya kuvuta shingo, chuma kitupu, na mumewe, seremala, akaizunguka mara mbili mikono iko nyuma. Njiani akamwambia mkewe kwamba kile kilikuwa kamba, kapi na uzito, na kwamba yeye hakuzaliwa jana.

Alikitengeneza kwa siku moja. Kapi mbili, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, juu ya mlango wa chumba cha kulala, moja upande wa chumbani, nyingine upande wa koridoni, na mwanya mdogo aliouchonga ili kamba ipite hata mlango ukifungwa. Huku chumbani, mwisho wa kamba, mkanda alioushona mke mwenyewe: kitambaa kizito kilichotiwa sponji, kipande kimoja cha kidevu, kingine cha kisogo. Kule koridoni, mfuko wa mchanga wa kilo nne. Unakaa kitini umeutazama mlango, unavaa mkanda, mfuko unashuka upande wa pili, shingo inavutwa juu taratibu, kichwa kinapoa. Basi.

Dada yake seremala, mwanamke asiyeweza kuona sufuria asiifunue, alipoukuta ule mkanda unaning'inia aliuliza kama wameamua kunyongana kwa zamu au kwa pamoja. Seremala akamjibu kwamba wanaanza na wageni.

Mfuko huwezi kuuachia tu, utaishtua shingo. Kwa hiyo kila saa tisa alasiri seremala aliacha karakana yake ya uani, akaingia koridoni, akaubeba mfuko kwa mikono miwili. Kutoka nyuma ya mlango aliuliza, "Tayari?" Na mkewe, meno yamefungwa na mkanda, alijibu, "Shusha." Naye akaushusha kama mtu anayemlaza mtoto aliyechukua saa nzima kusinzia. Halafu akaketi chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, akamsimulia habari za wateja wake: aliyetaka kitanda kikubwa kuliko chumba, aliyerudisha kiti akidai kina upande mmoja mfupi kumbe sakafu yake ndiyo kombo. Dakika ishirini hawakuonana uso, na huenda ndiyo maana waliongea vizuri kuliko saa nyingine zote.

Asubuhi moja seremala alisema kifua kinambana. Mkewe alikuwa ameamka na kichwa. Akamwambia kwamba ndiyo tabia yake, mwenziwe akiumwa na yeye lazima apate chake. Seremala akacheka, akaenda uani. Saa nne walimkuta amelala juu ya maranda, randa bado iko mkononi. Kwa hiyo hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyopewa na mkewe, na hakuna mkasi wa kuyakata.

Miezi miwili mjane hakukigusa kifaa. Maumivu yalipomzidi akajaribu peke yake: avute kamba, avae mkanda, aiachie kamba polepole. Kila mara mfuko uliyumba ukagonga mlango, ndu, na shingo ikapata msukosuko. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Mpaka siku hiyo ambapo, mkanda ukiwa kidevuni na macho yamefumbwa, mdomo ulifanya tu ulichozoea. Alisema, "Shusha."

Aliiambia korido tupu. Na mfuko ukashuka, polepole, bila kugonga popote.

Mwanamke mwenye akili angevua mkanda akakimbilia barabarani. Yeye alikaa dakika ishirini, machozi yakimlowesha mkanda, na aliposimama kichwa kilikuwa chepesi kama cha msichana.

Hakumwambia mtu. Binti yake, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye ndiye pekee aliyeishi naye, alirudi saa kumi na nusu na kukuta mama anaimba jikoni, akashukuru Mungu, hakuuliza. Kesho yake mjane akasema tena shusha, na kesho kutwa pia. Siku ya nne ikaja harufu kwenye ule mwanya wa juu ya mlango, harufu ya mbao mbichi na gundi. Siku ya sita ubao wa mlango ukalia kidogo, kama unavyolia mtu akiuegemea. Hapo ndipo alipoanza kuongea. Alimweleza habari za nyumba, za binti, za mteja aliyenenepa halafu akailaumu nguo, na mwisho akafika kwenye ile asubuhi. Aliyasema yote, kifua, kichwa, na jibu lake. Akaomba msamaha kwa meno yaliyofungwa. Upande wa pili kamba ilinyanyuka kidogo ikashuka tena, kama mtu anayetikisa kichwa kukubali. Yeye akaamua kwamba ni kukubali.

Aliyegundua kwamba mambo si mazuri ni mshonaji aliyemo ndani yake, si mjane. Asubuhi moja kola ya gauni lake haikufika mahali pake. Akachukua tepu akajipima mbele ya kioo, kutoka begani mpaka chini ya sikio, kwa mkono uliopima shingo elfu. Inchi moja na nusu imeongezeka. Akapima tena. Mstari mwekundu ulikuwa umemzunguka taya, sauti yake imekuwa ya kukwaruza, na chakula kikimpita kwa shida. Mfuko ulikuwa wa kilo nne tangu siku ya kwanza, lakini uzito ulioshuka siku hizi haukuwa wa kilo nne. Akaitengua kola, akaishona upya juu zaidi. Saa tisa ilipofika alikuwa kitini.

Siku ile binti alirudi mapema, watoto wameruhusiwa kwa sababu maji yalikatika shuleni. Aliingia koridoni jua likiwa bado kali dirishani, na kitu cha kwanza alichokanyaga kilikuwa mchanga. Mchanga umetapakaa sakafuni, na mfuko umelala pembeni, umepasuka mshono, mtupu kabisa. Katikati ya mchanga palikuwa na shimo la mtu aliyekaa kitako kwa muda mrefu, mgongo ameuelekeza mlangoni. Na kamba, kamba ambayo haikuwa imefungwa na kitu chochote, ambayo mwisho wake ulikuwa hewani kiasi cha kimo cha goti, ilikuwa imenyooka kutoka kwenye kapi mpaka chini kama waya, inatetemeka kwa kuvutwa, na kadiri alivyoitazama ilizidi kushuka, inchi kwa inchi, huku kutoka upande wa pili wa mlango ikisikika sauti ya miguu ya kiti ikikwaruza sakafu na sauti nyingine ndogo, ya mtu anayetaka kusema jambo akakosa pa kupitishia hewa.

Binti aliusukuma mlango. Mama yake alikuwa ameinuliwa, makalio yamekiacha kiti, ncha tu za vidole vya miguu zinagusa chini, macho wazi, na usoni ametabasamu. Mkasi wa kukatia vitambaa ulikuwa juu ya cherehani. Binti akaikata kamba.

Wote wawili walianguka. Mama alipopata pumzi alimpiga binti kofi, yeye ambaye hakuwahi kumpiga hata alipokuwa mdogo.

"Umemkata baba yako," alisema.

Mganga aliletwa kesho yake. Alikuwa bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuja na kapu la mboga kwa sababu alikuwa anatoka sokoni. Aliitazama shingo ya mjane, akanusa ule mwanya wa mlango, akakaa juu ya kitanda bila kukaribishwa, akataka asimuliwe. Alisimuliwa yote. Aliposikia neno shusha, akavua miwani.

Aliwaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua kuna anayesikiliza, kwamba vitu vile hupita kwenye nyumba kila siku kama upepo, havina shida na mtu. Ila huyu mjane ameita kwenye nyumba tupu, na ukiita kwenye nyumba tupu kinakuja kilicho karibu. Kimepewa kazi, kikaifanya. Hakina mapenzi wala chuki. Kitavuta mpaka kichwa kitoke, kwa sababu kazi kilichopewa ni kuvuta na hakuna aliyekiambia inatosha. Kukitoa si kazi ya mganga. Aliyekiajiri ndiye akiachishe, kwa mdomo wake, akiwa ndani ya mkanda.

"Bibi," mjane alisema, "na kama ni yeye?"

"Mume wako alikuwa anakuvuta mpaka unang'oka kitini?"

"Hapana."

"Basi si yeye. Hiki kinajua yale tu uliyokiambia wewe. Kitakuuliza kwa sauti yake, maana sauti umekikumbusha kila siku. Usiisikilize sauti, mwanangu. Kiachishe kazi."

Wakafunga kamba mpya. Mfuko hawakuuweka. Binti alipewa kazi ya kusimama mwisho wa korido, akiuzuia mlango wa nje kwa mgongo usijifunge, ili kitakapotoka kiwe na njia. Bibi alisimama nyuma ya kiti na kumshika mjane mabega kwa mikono miwili. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache, watu wakipita nje na maisha yao, mtu mmoja akipiga mluzi.

Harufu ilitangulia. Halafu ubao wa mlango ukalia, mtu ameegemea. Kamba ikakaza kidogo, kwa adabu. Na kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti ya mwanamume anayefuta vumbi la mbao kwenye midomo, ikaulizwa:

"Tayari?"

Bibi alikaza vidole mabegani mwa mjane. Ikaulizwa tena, chini zaidi, na kamba ikavuta, na kiti kikanyanyua miguu ya mbele, na harufu ya gundi ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na mjane, ambaye kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu na kilikuwa upande wa pili wa ubao wa unene wa vidole viwili, alifungua mdomo kadiri mkanda ulivyomruhusu, akaufunga, akaufungua tena, huku kidevu kikipanda na kisogo kikilia kama mshono unaofumuka, na bibi nyuma yake akimnong'oneza: binti yako anakungoja, mwanangu, binti yako yuko pale mlangoni. Ikaulizwa mara ya tatu, kwa upole ambao hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri anayeweza kuusahau.

"Sina kazi na wewe tena," mjane alisema. "Nenda. Usirudi."

Kamba ikalegea. Koridoni kikapita kitu, hewa tu, na mlango wa nje ukamgonga binti mgongoni. Bibi alimvua mjane mkanda, akamlaza, akachukua kapu lake la mboga. Alikataa hata chai.

Hayo yameshakuwa ya mwaka jana. Shingo imerudi kipimo chake, kola zimeshushwa, kapi zimeng'olewa na ule mwanya umezibwa kwa nta. Hakuna harufu. Kichwa kimerudi vilevile, kila alasiri, kutoka kisogoni mpaka nyuma ya jicho la kushoto, na binti akitoka shuleni humkalisha mama yake kitini akamkanda shingo kwa mikono mpaka giza liingie. Mama anasema mikono yake ni mizuri. Anasema pia kwamba kinachomwezesha kuishi ni maneno ya yule bibi, kwamba kile kitu kilijua yale tu aliyokiambia yeye, kwa hiyo aliyemfukuza hakuwa mtu wake.

Binti husikiliza, akaendelea kukanda.

Alipokuwa mtoto baba yake alimwita Kinyundo, kwa sababu alipenda kugonga misumari. Mama aliposikia siku ya kwanza aliona jina hilo halimfai msichana, akakataza, na likafa hapo, au ndivyo mama alivyodhani. Lakini kule karakanani, wakiwa wawili tu, seremala aliendelea kumwita hivyo miaka yote, mpaka wiki aliyokufa, na ilikuwa siri yao. Mama hakuwahi kulitamka nyuma ya mlango wowote, kwa kuwa hakujua kama bado lipo.

Na ile hewa ilipopita pale alipousimamia mlango, ilisimama kidogo usawa wa sikio lake. Ilisema, "Kinyundo. Mwambie mama yako sikukasirika."

Akimwambia, kesho kutakuwa na kamba mpya juu ya mlango. Hilo analijua kama anavyojua jina lake.

Siku nyingine mama huinua uso katikati ya kukandwa, bila kugeuka, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Kile kitu, kilipopita pale ulipokuwa umesimama, hakikusema neno?"

"Hakikusema kitu, mama," binti hujibu. "Inamisha kichwa."