Gari la Dawa la Namkolo

Saa 1:20 asubuhi. Nyuma ya ghala la ufuta, Nachingwea, Harithi alichora barabara sakafuni kwa mkaa.

"Gari la dawa linatoka saa mbili. Dereva ni Leonard, mtu wetu. Hapa korongoni atasimama. Tunampiga kidogo, tunahamisha mzigo, tunasepa Namungo. Mnunuzi anasubiri."

"Dawa za nani?" Dastani aliuliza.

"Za serikali. Kituo cha afya Namkolo, Ruangwa. Fungu lao limetoka baada ya miezi saba."

Dastani alikijua kituo hicho. Alikuwa bodaboda. Alipeleka wagonjwa, akawarudisha na karatasi tu: kanunue dukani. Hawakununua; hela hawakuwa nazo.

Saa 2:50, korongoni. Leonard alishuka garini na mikono juu, akitabasamu. Harithi alimpiga kwa ubapa wa panga. Kisha kwa makali.

"Harithi! Mbona..." Leonard akaanguka.

"Sasa polisi wataamini," Harithi alisema.

Leonard hakuinuka tena. Dastani alimtazama. Hakusikia uchungu wala hofu. Akabeba maboksi hadi kwenye gari la Harithi.

Harithi akatupa nje kiboksi cha barafu. "Sindano za kuzuia damu kwa wanaojifungua. Zinataka baridi. Hazina soko."

Dastani akakifunga kwenye pikipiki.

"Unakipeleka wapi?"

"Kukitupa mbali."

"Saa tano uwe Namungo."

Saa 3:40. Namkolo. Nesi Asmaa alitoka wodi ya wazazi, glovu zimelowa damu.

"Gari liko wapi?"

Dastani alimpa kiboksi. Asmaa alikifungua, akakimbilia ndani. Mlangoni bibi mmoja alikaa chini, akiomba kwa Kimwera.

Nusu saa baadaye Asmaa alirudi. "Damu imekata. Nani amekutuma?"

"Hakuna. Leonard yuko korongoni, amekatwa. Mzigo uko Namungo, nyuma ya mashine ya kusaga. Piga simu polisi."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo."

Alikaa kwenye benchi. Pikipiki ilikuwa na mafuta. Hakuondoka.

Saa 7:15 mchana. Pikapu ya polisi ilisimama mlangoni. Nyuma, Harithi na pingu, kati ya maboksi. Leonard walimkuta ameshakufa.

"Wamekupa nini, Dasi?" Harithi aliuliza.

"Hawakunipa kitu."

"Sasa kwa nini?"

Dastani akanyoosha mikono, afande akamfunga pingu.

Wanawake wenye kadi za kliniki walikuwa wamejipanga, macho kwenye maboksi. Mmoja, mtoto mgongoni, alimgusa afande begani.

"Baba, sogezeni gari. Mmeziba mlango."