Oili Isiyopungua

Jua lilikuwa linazama nilipoingiza pikipiki kwenye gereji ya Kelele, na tayari nilikuwa nimeudhika. Pikipiki ilikuwa mpya. Kiti bado kilikuwa na nailoni pembeni, rangi haijapata mkwaruzo hata mmoja, lakini ilikuwa inavuja. Popote nilipoiegesha, nikirudi nakuta doa la mafuta chini. Mlangoni kwangu doa. Kazini doa. Mimi ni msoma mita za maji, kazi yangu ni kuingia kwenye nyua za watu, na kulikuwa na mama mmoja mwenye sakafu ya vigae ambaye alishaanza kunifungia geti akisikia tu mlio wangu.

Walioniuzia waliigeuza huku na huku, wakakaza nati hii na ile, wakaniambia haina tatizo.

"Haina tatizo, ila inajikojolea," Kelele akasema, akacheka peke yake.

Jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu tangu utotoni, akimwita kaka, ndiyo maana ananiita shemeji, na sikuwahi kumwona amefunga mdomo kwa muda unaozidi ule wa kumeza chai. Siku zile nilimpenda kwa hilo. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kunisemesha. Tangu nifiwe nilikuwa nawasha redio nikiingia na kuizima nikilala, na bado nililala upande wangu uleule wa kitanda, mwingine nimeuacha wazi.

Kelele akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Uso ukamkunjamana.

"Imejaa."

"Haiwezekani. Inavuja tangu niinunue, na sijaongeza hata tone."

"Njoo uone mwenyewe. Imejaa mpaka kwenye alama."

Akachuchumaa kando ya injini, akaanza mhadhara wake. Pikipiki mpya nazo huvuja, akasema. Mara nyingi ni sili iliyo nyuma ya sproketi ya mbele, ile gia inayovuta mnyororo, au gasketi iliyokalishwa vibaya kiwandani, na upepo wa barabarani huitawanya oili mpaka hujui imeanzia wapi. Dawa yake ni poda. Unaosha injini kwa petroli, unaikausha, unaipaka poda ya watoto kote, halafu unaendesha kidogo. Poda italowa kwanza pale panapovuja, basi, umemkamata mwizi.

Akaosha. Akakausha. Akanyunyiza kopo zima, kuanzia injini mpaka kwenye vile vibati viwili vya nyuma vya abiria kuwekea miguu, ambavyo kwenye aina ile ni vipana kama sahani. Mimi sikuwahi kupakia abiria. Aliyekuwa akikaa nyuma yangu siku zote, kwenye pikipiki ya zamani, alikuwa mume wangu. Wanaume wenzake walimcheka kwamba anabebwa na mke, naye akawapungia mkono akiwa kwenye kiti kama bwana harusi. Hii mpya hakuwahi hata kuiona.

"Zunguka mtaa mara moja," Kelele akasema. "Polepole."

Nikazunguka. Maduka yalikuwa yanashusha milango, barabara haina watu. Kwenye tuta, sehemu ya nyuma ikabonyea sana, kama kawaida yake. Nilikuwa nimezoea, nikidhani zile springi ni laini tu.

Niliporudi, Kelele akawasha tochi. Injini nyeupe. Sproketi nyeupe. Hakuna palipolowa. Akasogeza mwanga nyuma, taratibu, huku akiendelea kupiga porojo...

Akanyamaza.

"Shemeji. Umempakia nani?"

"Sijampakia mtu."

Nikainama nitazame alipokuwa akimulika. Kwenye kibati cha kulia, katikati ya poda, palikuwa na wayo. Wayo wa mtu mzima, peku, umelowa mafuta. Kwenye kibati cha kushoto palikuwa na mwenzake. Mafuta yalikuwa yanakusanyika ukingoni na kudondoka.

Tone...

Tone...

"Tazama vidole," Kelele akanong'ona.

Vidole vilielekea nyuma, kwenye gurudumu. Visigino vilikuwa mbele.

Akagusa yale mafuta, akanusa, akanisogezea kidole ninuse. Haikuwa oili ya injini. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Kafuri na mkaratusi. Ni mafuta ya kuchua niliyokuwa nikimpaka mume wangu miguuni asubuhi na jioni alipokuwa anaumwa, miguu imevimba mpaka hakuna kiatu kinachoingia.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hofu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Usijidanganye," Kelele akasema. "Kaka alikuwa na miguu kama yangu na yako. Chenye miguu ya kinyumenyume si mtu. Hicho kimeiba harufu yake, maana kinajua ndiyo itakayokufanya ukifungulie mlango."

Na mimi nikamwamini. Nilikuwa mpweke, lakini sikuwa tayari kulala nyumba moja na jini.

Akavifungua vile vibati kwa spana. Akaviweka kando. "Sasa kiambie kishuke. Wewe ndiye mwenye pikipiki."

Nikaweka kiganja kwenye kiti.

"Shuka," nikasema. "Shuka, na usinifuate."

Springi za nyuma zikapanda... taratibu, zikilialia, kama pale mtu mzito anapoinuka kwa shida.

Basi, mafuta yakakoma kudondoka. Asubuhi saruji ya mlangoni ilikuwa kavu. Yule mama wa vigae akanifungulia geti, akanikaribisha hata maji ya kunywa. Nilipaswa kufurahi, lakini nilisimama mlangoni kwangu nikaitazama ile saruji kavu nikalia. Pikipiki ikawa nyepesi. Upepo ukiipiga inayumba. Na kila nilipoiendesha jioni, kisogo kilinisisimka, nikawa nakandamiza kofia ngumu kichwani bila sababu.

Siku moja nilikuwa natoka kazini, mwanga ule wa mwisho, vumbi limesimama barabarani. Mbele yangu kulikuwa na pikipiki imebeba kioo kirefu cha kabati. Abiria alikuwa amekaa amempa dereva mgongo, ananitazama mimi, kioo amekikumbatia mapajani kisishikwe na upepo. Akanitabasamia. Nami nikatabasamu. Nikashusha macho.

Nikaiona miguu yake.

Vidole nyuma. Visigino mbele.

Ilikuwa miguu ya kawaida kabisa, ya mtu wa kawaida, aliyekaa akitazama nyuma.

Hapo ndipo maneno niliyodhani ni ya homa tu yakanirudia. Mume wangu, siku zake za mwisho, aliniomba nigeuze kitanda alale akiutazama mlango. Hakutaka nikae nimeupa mlango mgongo. "Kaa huku kwangu," alikuwa akininong'oneza. "Wewe fanya kazi zako. Mimi nitaangalia." Nilikuwa namfuta jasho, namwambia sawa, huku najua hakuna kitu pale mlangoni.

Yule abiria wa mbele akaacha kutabasamu. Hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Akampiga dereva wake begani, haraka haraka, bila kugeuka. Kioo kikatikisika, na ndani yake nikaona taa yangu, nikaona kofia yangu, na huko nyuma, ndani ya vumbi, nikaona mtu anakimbia.

Nikaongeza mwendo.

Hakupungua. Nilienda mbio mpaka usukani ukatetemeka, na yule mtu kwenye kioo alikuwa na ukubwa uleule. Kisha wale wakakata kona na kioo chao. Kwenye vioo vyangu vya pembeni kulikuwa na vumbi tupu.

Nilifika gereji Kelele anafunga kufuli. Nikamweleza yote bila kushuka. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mume wangu alikuwa amekaa akitazama nyuma, analinda mgongo wangu," nikamwambia. "Nasi tumemfukuza. Vifunge vile vibati."

Akavifunga. Nikagonga kiti kwa kiganja, nikamwita mume wangu kwa jina nililokuwa nikimwita chumbani, sikuona aibu. "Rudi. Panda. Nisamehe." Tukasubiri. Springi hazikusogea.

"Labda hapa hayupo," nikasema. "Labda yuko njiani. Panda wewe, Kelele. Kaa ukitazama nyuma, uniambie unachokiona."

"Shemeji, mimi nina watoto."

"Wewe ndiye uliyeniambia nimfukuze."

Akatazama kufuli lake, akatazama barabara. Akapanda.

Tukaondoka mgongo kwa mgongo. Nilimsikia moyo ukimpiga kupitia koti langu. Akaanza kuongea kwa woga, kila alichokiona anakitaja: mbwa wa fundi cherehani, muuza mkaa anafunga gunia, taa ya duka la dawa, nguo za mtu bado ziko kwenye kamba, huyo naye atazianua lini, usiku umeshaingia. Sikuwahi kuwa na abiria tangu mume wangu. Joto la mgongo wake lilinitosha, nikatamani barabara isiishe. Tukazipita nyumba za mwisho. Taa za mtaa zikaishia hapo.

Sauti yake nayo ikaishia hapo.

"Kelele?"

Kimya. Mlio wa injini tu...

"Kelele, sema kitu."

"Namwona."

"Nani?"

"Kaka." Alikuwa ananong'ona. "Anakimbia, shemeji. Peku. Na miguu yake ileile, iliyovimba. Kila akipiga hatua anageuka kutazama nyuma."

Mkono wangu ukalegea kwenye mshiko wa mafuta wa usukani. Pikipiki ikapunguza mwendo.

"Usisimame! Kuna mwingine nyuma yake."

"Naye anakimbia?"

Akainua shingo atazame vizuri.

"Hapana. Huyo anatembea tu. Anatembea... na hatumwachi."

Nikakaza mafuta. Nilikaza kwa nguvu zangu zote, Mungu anisamehe, upepo ukanifumba macho. Mgongoni nikahisi Kelele anatikisika. Alikuwa analia.

"Anachoka," akasema. "Shemeji, kaka anachoka. Anachechemea. Anatupungia mkono twende, tusimsubiri."

Niliijua ile miguu. Nilikuwa nimeikanda usiku na mchana, najua hata shuka ikiigusa tu alipiga mayowe. Nilishamfukuza mara moja kwa mdomo wangu mwenyewe. Kumwacha akimbie gizani kwa ajili yangu mpaka aanguke, huku mimi nakwenda kujifungia na redio... sikuweza.

Nikakanyaga breki.

"Shemeji, unafanya nini? Shemeji!"

"Mwambie apande haraka."

Injini ikabaki inanguruma polepole. Vumbi letu likatufikia, likatupita. Kelele alikuwa ananisukuma kwa mgongo wake, lakini hakushuka. Kisha nikamsikia anaita, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti: "Njoo. Njoo, kaka. Harakisha. Hapo hapo, usitazame nyuma, njoo tu..."

Harufu ikaja kwanza. Kafuri na mkaratusi.

Springi za nyuma zikabonyea, taratibu, kama kitanda kinavyobonyea mgonjwa anapokaa. Kelele akajibana kwangu kumpisha.

"Amepanda," akasema, akilia na kucheka kwa pamoja. "Amepanda, shemeji! Twende!"

Mwili wangu wote ukalegea kwa furaha. Sikuwa peke yangu. Nikaingiza gia, nikaanza kuachia klachi.

Kelele akaacha kucheka.

Na nyuma yetu, taratibu, bila haraka yoyote, springi zikabonyea tena.