Tanbihi Ambazo Hakuna Aliyeziandika

Kazi ilikwenda kama kawaida mpaka programu ilipoandika, kwa herufi ndogo chini ya skrini nyeusi: *Tanbihi zimeachwa.*

Mchapaji alikunja uso. Aya zote za kitabu kitakatifu alizipiga kwa vidole vyake mwenyewe, na hakuweka tanbihi hata moja.

Programu ile haikuwa na vitufe wala picha. Unaiandikia amri, nayo inachukua maandiko yaliyohifadhiwa kwa mtindo wa kompyuta za zamani na kuyatoa kwa mtindo unaosomeka kwenye simu. Ila ilikuwa na kikomo chake: sura na aya iliweza kuzibeba, tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa, iliziacha zote.

"Shemeji, njoo uone maajabu yako," alimwita mdogo wa mumewe, fundi aliyeitengeneza.

"Maajabu wapi, huo ni uvivu wangu tu," fundi alicheka. "Ngoja niifundishe kubeba kila kitu."

"Kila kitu, baba mdogo? Hata mimi?" aliuliza Chiriku, binti wa mchapaji, aliyejilaza kwenye mkeka chini ya meza.

"Wewe kwa mdomo huo utaikwamisha."

Fundi, amesimama nyuma ya kiti cha mchapaji, akarekebisha, akaandika amri. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Chini ya aya ya kwanza ikajitokeza tanbihi: *Mwanamke ameketi. Mwanamume amesimama nyuma yake.*

"Nani kaandika hivi?" mchapaji alinong'ona.

"Usiisome kwa sauti, shemeji."

Mchana ulikuwa mweupe dirishani, lakini ndani ya mashine ile, ambayo spika yake ilikufa zamani, kulisikika mkwaruzo kama wa kucha juu ya bati, ukifuata kila neno lililojiandika, na maneno yakateremka aya kwa aya, yakautaja mlango uliofungwa, yakaitaja meza, yakautaja mkeka uliokuwa chini yake, mpaka mchapaji akatambua kwamba kwa kitambo sasa hajamsikia mwanawe.

Aliinama. Chiriku alikuwa palepale, macho wazi, kifua kikipanda na kushuka. Alimwita. Alimtikisa. Mwili ulikuwa na joto, ila machoni hapakuwa na mtu.

"Ni jini," fundi alisema, akianza kuandika amri. "Siku zote alikuwa anaachwa nje pamoja na tanbihi, mimi ndiye niliyempitisha. Nairudisha programu ya zamani. Tanbihi zote zifutike, naye afutike."

Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kitufe cha mwisho cha kibodi mchapaji alipomdaka mkono na kuung'ang'ania kwa nguvu zake zote, kwa sababu chini ya aya ya mwisho tanbihi moja ilikuwa bado inajiandika, polepole:

*Mama, mbona huku kuna giza? Mwambie baba mdogo asibonyeze.*

Chini ya meza, kinywa cha Chiriku kikacheka kwa sauti ya mtu mzima.