Aliyeniletea Uji Aliiba Jeni Yangu

Usaliti niliusikia mara mbili, wapendwa. Kwanza kupitia ukuta wa chumba changu, kisha, sekunde moja baadaye, kwenye laptop.

"Matokeo haya ni kazi yangu mwenyewe..."

Sauti ya Armel. Mrundi, mwenzangu wa maabara, mwenzangu wa nyumba hapa ughaibuni, mtaa wa Lidcombe. Chumba cha pili tu.

Mimi niko kitandani na korona, siruhusiwi kutoka. Asubuhi hiyo hiyo ndiye aliyeniwekea uji mlangoni.

"Kunywa, kaka Methodi. Usihangaike na kikao cha Zoom, mimi nitakusemea."

Kumbe alikuwa anakwenda kujisemea!

Nilikuwa nimeingia kikaoni kimya, kamera nimezima. Hakujua.

Mnielewe. Mwaka mzima nimelinganisha jenomu, yaani jeni zote, za bakteria wanaonyausha migomba na za ndugu zao wanaoshambulia mimea mingine. Kwa nini hawa wameng'ang'ania mgomba? Jibu likaja kinyume na nilivyotarajia. Hawakuongeza silaha. Walipoteza jeni moja, ile ambayo mgomba ungeitambua ukafunga mlango.

Siku nilipolipata, nilimghania Armel jikoni:

Mgomba, mjua kazi, adui humtambua,
Akivua lake vazi, humo hujiingilia.

"Vraiment, kweli kabisa, wewe ni kichwa," akasema.

Armel, mbishi anayenipinga hata juu ya chumvi, leo ananisifu. Sikushtuka. Sifa tamu, jamani.

Sasa profesa wetu wa maabara alikuwa na nafasi moja tu ya kuendelea na utafiti. Mwenye matokeo anabaki. Mwingine viza inaisha, anafunga virago.

Nikawasha maiki.

"Armel, nina swali."

Ukuta ukanyamaza. Kisha laptop nayo.

"Methodi? Pumzika, kaka, unaumwa..."

"Hiyo jeni uliyosema imepotea, uliithibitisha maabara?"

"Kompyuta imeonyesha haipo."

"Kompyuta haikuisoma. Usomaji ulikatika hapo hapo. Niliipima maabara kwa kipimo cha PCR kabla sijaugua. Ipo. Iliyopotea ni jirani yake."

Profesa akavua miwani.

"Kosa hilo lilikuwa la nani mwanzoni?"

Ushindi nilimtangazia Armel kwa shairi. Kosa nilipoligundua, nikalifungia moyoni. Mimi nijikosoe mbele ya mtu aliyeniita kichwa?

"Langu," nikasema. "Nikalirekebisha. Yeye ameliiba kabla hajajua limerekebishwa."

Profesa akavaa tena miwani.

Nafasi nikapewa mimi.

Mnadhani yameisha? Subirini.

Jioni nikasikia hodi. Mlango sikufungua, karantini ni karantini.

"Methodi, umeniuza."

"Mimi?"

"Ulijua ina kosa, ukaniacha niaibike mbele ya wazungu wote wale. Ndugu hafanyi hivyo."

"Armel, uliniibia."

"Niliiba, sawa. Lakini wewe ulinificha. Tunakula sufuria moja, unanificha!"

Alikuwa analia, wapendwa. Kwa dhati kabisa, kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake akahama. Hadi leo anawasimulia Warundi wenzake kule mtaa wa St Marys kwamba msaliti ni mimi, na wapo wanaomwamini. Kuna mama mmoja wa kanisani tulikutana stesheni, nikamwamkia, akaangalia treni.

Funzo nililobaki nalo ni hili: mwizi akikuibia kitu kibovu, usingoje samahani. Atarudi kukudai kizima.