Utulivu wa Kuazima

Kila siku shule ilipofungwa, Kiberiti hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia banda la farasi, akavua sare yake nyuma ya ghala la nyasi kavu, akavaa suruali ya kazi yenye viraka magotini na mabuti ya baba yake yaliyojazwa matambara ili yamtoshe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina la Kiberiti alipewa na watunza farasi, kwa sababu alikuwa mdogo na hakuhitaji kusuguliwa sana kabla ya kuwaka.

Mama yake alikuwa mfunza farasi wa banda lile. Mwenye banda alikuja mara mbili kwa mwaka, akatazama, akaondoka. Siku nyingine zote aliyetawala alikuwa Meneja. Wageni walifika mwisho wa wiki, wakapandishwa farasi na kuongozwa kwa msafara kupitia msitu wa mikaratusi, kuvuka kijito, kupita nyuma ya kiwanda cha mbao, kisha kurudi. Mgeni aliketi tu juu ya tandiko akipiga picha. Hakujua kwamba farasi wake alizaliwa mwoga kama farasi wote, na kwamba kuna mtu aliyemaliza miezi akimfundisha kutulia. Mtu huyo hakuwemo kwenye picha.

"Usimtazame miguu," mama alimwambia Kiberiti tangu alipoanza kumsaidia. "Anaweza kusimama kama mti na huku moyo unamwenda mbio. Mtazame kichwa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unamwongoza farasi mpaka pale anapokiona kitu anachokiogopa, kiwe ni mwavuli, baiskeli au mbwa. Unasimama. Unalegeza kamba. Humvuti, humpigi, humbembelezi. Unangoja mpaka shingo ishuke, alambe midomo, atoe pumzi ndefu puani. Hapo ndipo unapiga hatua moja. Akiinua kichwa tena, unarudi nyuma hatua moja na kungoja upya.

"Na asiposhusha kichwa saa nzima?" Kiberiti aliwahi kuuliza.

"Basi saa hiyo ni yake, si yako."

Baba naye alikuwa mfunza farasi hapohapo zamani. Miaka minne iliyopita, farasi aliyenunuliwa Jumatatu na kutiwa kwenye msafara Jumapili alimrusha juu ya mawe, akamvunja nyonga. Karatasi ya ofisini iliandikwa maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi. Haikuandika Jumatatu wala Jumapili. Tangu siku hiyo baba alikuwa akishona matandiko nyumbani, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, na maneno yale matatu aliyajua kama mtu anavyolijua jina lake.

Jumatatu moja Meneja alikuja uwanjani, funguo zikimlia kiunoni. Ndani ya uwanja alikuwepo farasi mpya wa kahawia, mwenye singa ndefu na mwendo wa madaha. Watunza farasi walimwita Bwana Harusi.

"Jumamosi nina wageni kumi na mmoja," Meneja alisema. "Farasi walio tayari ni kumi. Huyu atakwenda."

"Huyu anahitaji wiki tatu," mama alijibu. "Kijito anavuka. Haogopi mbwa tena. Lakini yale maturubai ya kufunikia mbao kule kiwandani bado. Upepo ukiyapiga, anaruka."

"Wiki tatu kwa ajili ya turubai? Mpitishe kwenye turubai, mama. Si kitambaa tu?"

"Naomba mtu wa pili wa kunisaidia tangu mwaka jana. Nina farasi kumi wengine."

"Jumamosi," alisema Meneja, akaondoka na funguo zake.

Mama alitundika turubai la bluu kwenye uzio wa uwanja, akamkabidhi Kiberiti kamba. "Mimi asubuhi nitamfanyisha kazi, wewe jioni. Ijumaa nitakuuliza swali moja tu: anapita peke yake? Ukisema bado, nitamkatalia Meneja. Hata akinifukuza, nitamkatalia. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, mama."

Jumanne Kiberiti alisimama saa nzima. Bwana Harusi aliinua kichwa juu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani, na hakukishusha. Jumatano walipata hatua nne, upepo ukavuma, wakapoteza tatu. Alhamisi kulikuwa na mechi ya mpira wa wavu shuleni. Kiberiti aliicheza mpaka mwisho, na alipofika bandani jua lilikuwa limeanza kulala.

Wakati huo mtunza farasi aliyeitwa Mrefu alikuwa akimpitisha jike mzee uwanjani kwenda kwenye birika la maji. Jike huyo walimwita Bibi. Kwa miaka yake kumi na tisa hakuna kitu ambacho hakuwa amekiona, na turubai kwake lilikuwa kama jani. Bibi alipopita, Bwana Harusi alimfuata, pua karibu na mkia wake, akapita mbele ya turubai bila kuruka.

"Umeona!" Kiberiti alipiga kelele. "Kaka Mrefu, mrudishe Bibi, mpitishe tena!"

Mrefu alicheka. "Bwana harusi gani huyu anayekimbilia ajuza?" Hata hivyo alimrudisha Bibi. Walipita mara tano. Mara ya tano Mrefu hakucheka tena. "Kiberiti, huyu hajapita turubai. Kapita nyuma ya Bibi. Tazama kichwa."

Kiberiti alitazama. Kichwa kilikuwa juu, masikio yamekakamaa, macho yameganda kwenye mkia wa Bibi. Aliona, na akajua alichokiona. Lakini miguu ilimuuma kwa mechi, na mara tano ilikuwa mara tano.

Ijumaa mama aliuliza, "Amepita?"

"Amepita."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama. Mara tano."

Kila asubuhi wiki ile mama mwenyewe alikuwa amempa farasi yule dakika chache tu, maana kumi wengine walikuwa wakimngoja. Sasa alimshika binti yake bega, akalibana kidogo. Hakuwa mtu wa sifa. Kubanwa bega kule kulimchoma Kiberiti kuliko kofi.

Jumamosi msafara ulitoka, Bibi mbele, Bwana Harusi wa pili, mama akitembea kando yake. Juu yake alikuwa muuguzi mmoja aliyekuwa likizoni, ambaye hakuwahi kupanda hata punda.

"Hana wazimu huyu?" muuguzi aliuliza.

"Mpole kama kondoo," alijibu Meneja, ambaye siku hiyo alikuja na kamera. Walipotoka msituni alipaza sauti: "Hebu huyo wa kahawia atangulie! Bibi ana mbavu nje, ataniharibia picha."

Mama alisita, akageuka na kumtazama Kiberiti aliyekuwa nyuma kabisa. Kiberiti aliinamisha macho. Mama akafikiri ni jua. Akamrudisha Bibi nyuma, akamtanguliza Bwana Harusi.

Nyuma ya kiwanda cha mbao upepo uliingia chini ya turubai kubwa na kulipiga kishindo. Bwana Harusi hakuwa na mkia wa Bibi wa kuutazama. Aliruka kando kwa miguu yote minne, akaitoa kamba mkononi mwa mama, akaondoka mbio. Muuguzi alianguka juu ya vipande vya mbao, na mkono wake ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Hakupiga kelele. Aliushika mkono kwa mkono mwingine na kusema polepole, "Umevunjika," kama anayemsomea mtu mwingine ripoti.

Jumapili nyumbani kwao chakula kilipoa mezani. Mama alikuwa ameambiwa afike ofisini kesho yake kutia saini karatasi ya ajali na kukusanya vitu vyake. Farasi angeuzwa kwa mchinjaji.

"Sielewi," mama alimwambia baba. "Mara tano peke yake, halafu vile?"

Kiberiti aliweka kijiko chini. "Hakupita peke yake. Bibi alikuwa mbele. Kaka Mrefu aliniambia nitazame kichwa, nikatazama, nikaona. Nikakudanganya."

Hakuna aliyempiga wala kumkemea. Mama alikitazama kiganja chake kilichochunwa na kamba. Aliyezungumza alikuwa baba.

"Miaka minne nawaambia watu haukuwa uzembe," alisema. "Mpaka wengine wamechoka kunisikia. Na mimi nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi, kwamba karatasi yao ilikuwa ya uongo. Sasa wataandika maneno yaleyale matatu juu ya mama yako, na safari hii yatakuwa na ukweli ndani yake. Umewapa wewe."

Kiberiti alilia. "Nitakwenda kumwambia Meneja."

"Utakwenda," mama alisema. "Tena si kwa sababu itatusaidia."

Ofisini karatasi ilikuwa mezani tayari, kalamu juu yake. Kiberiti alisimama wima na kueleza yote: mechi, Bibi, mara tano, uongo. Meneja alimsikiliza huku akitabasamu.

"Kwa hiyo ni uzembe mara mbili," alisema. "Farasi wangu anafundishwa na mtoto wa shule!"

"Andika hivyo," mama alisema. "Andika kwamba binti yangu alinidanganya, nami sikwenda kuhakikisha kwa macho yangu. Hilo ni letu, tutalibeba. Ukimaliza, endelea kuandika. Andika kwamba niliomba mtu wa pili mwaka mzima. Andika kwamba Jumatatu nilisema wiki tatu, ukasema Jumamosi. Andika ni nani aliyemtanguliza farasi kwa ajili ya picha."

"Fomu haina nafasi ya hadithi zote hizo."

"Geuza nyuma, bosi," sauti ilisema mlangoni. "Nyuma ni nyeupe kabisa."

Alikuwa Mrefu, na nyuma yake walisimama watunza farasi wengine watano, mafagio mikononi, matope mpaka magotini. Miaka minne iliyopita, siku ya karatasi ya baba, walibaki mabandani wakijifanya wanafagia. Hawakuwa wamelisahau hilo.

"Mlisikia nini ninyi?" Meneja alifoka. "Nani mwingine alisikia?"

"Sote tulisikia," Mrefu alijibu. "Na mgeni pia. Kilichovunjika ni mkono, bosi, si masikio."

Meneja aliiondoa kalamu juu ya karatasi. Kisha akaitia karatasi kwenye droo bila saini. Mama angebaki, alisema, lakini asingeongoza msafara, angesafisha mabanda. Farasi alipewa wiki tatu. Akiruka tena, machinjioni. Neno la samahani halikutoka kinywani mwake siku hiyo, wala baadaye.

Jioni hiyohiyo mama alimpeleka Kiberiti kwa muuguzi. Alikuwa amekaa kitandani, plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko.

"Niliuliza kama hana wazimu," alisema alipomaliza kumsikiliza. "Nikaambiwa kondoo. Mtoto, umefanya vizuri kuja, lakini sitakwambia si kitu. Mimi nachoma watu sindano kwa mkono huu." Akageukia dirisha.

Mama alimpeleka Bibi malishoni mbali, mahali ambapo Bwana Harusi hakuweza kumwona wala kumsikia. Kiberiti alianza upya kutoka hatua ya kwanza. Wenzake walipita njiani na mpira, wakamwita, "Kiberiti, umelowa nini? Njoo ucheze!" Aliwapungia mkono akabaki na kamba yake. Siku ya sita farasi aliita kwa huzuni akimtafuta Bibi, na wakapoteza yote waliyoyapata. Siku ya kumi na moja alisimama mbele ya turubai, upepo ukalipiga, kichwa kikapanda, kikakaa juu muda mrefu, kikashuka. Akalamba midomo. Akatoa pumzi ndefu iliyolowesha mkono wa Kiberiti. Hatua moja.

Siku ya ishirini mama aliacha reki yake, akaja nao mpaka nyuma ya kiwanda cha mbao. Kulikuwa na upepo mkali. Bwana Harusi alisimama mwenyewe, akalitazama turubai likipiga, akashusha shingo, akapita kwa mwendo wa kawaida, kamba ikining'inia. Walirudia, na tena, na tena. Mama hakumuuliza Kiberiti kitu. Alitazama mwenyewe kila mara.

Wiki iliyofuata Meneja alibandika getini picha kubwa ya Bwana Harusi, na yeye kando yake ameshika hatamu. Chini iliandikwa kwamba farasi wa hapa hufunzwa kwa uvumilivu. Kiberiti aliisoma, akawaka.

"Mama, yeye hakushika kamba hata siku moja! Na wewe unazoa mavi! Nilisema ukweli wote, umesaidia nini?"

Mama aliegemea toroli. "Farasi yuko hai. Na mgeni atakayempanda Jumamosi hatavunjika. Huo ndio msaada wake. Kama ulitaka ukweli ukuletee zawadi, utangoja sana, mwanangu. Watu kama yule wataandika juu yetu daima, na watachagua cha kuandika. Nilipokuwa sijakosea niliweza kumkazia macho. Siku ile ofisini ilibidi kwanza niinamishe kichwa, nikubali letu, ndipo nimwambie lake. Usinirudishe pale tena. Kazi ikiwa bado, sema bado, hata kama nitakasirika, hata kama wao watakasirika. Bado ni neno la heshima."

Akashika mikono ya toroli, akaisukuma mpaka lundoni. Kiberiti alichukua reki, akaingia banda lililofuata.